Napiga msuli mpaka saa tisa usiku, matokeo ndo kwanza yanashuka. Ushauri wakuu

Mlala_Kwa_Zamu: Wakuu habari za usiku. Niko fomu siksi PCB (fizikia, kemia, baiolojia), pepa la taifa ni Mei hapo tu. Kila siku nashika daftari saa mbili naachia saa tisa, notisi nimezipiga hailaita rangi tatu, nasoma narudia narudia mpaka najua neno fulani liko ukurasa gani, ila nikiingia kwenye mtihani kichwa cheupe. Mtihani wa mkoa nimepata divisheni 3 na nyumbani wanasubiri daktari. Au akili ndo zimegoma?

Mama Pili: Lala mwanangu. Wangu alikuwa hivyo hivyo, miguu kwenye beseni la maji baridi eti asisinzie, siku ya pepa yenyewe akalala humohumo ndani msimamizi akamwamsha mara mbili. Saa hizi ana duka la simu Kariakoo na kodi ananilipia yeye, kwa hiyo hata sijui nikushauri usome au uache 😂

Kigagula: Enzi zetu kibatari, asubuhi pua nyeusi tii, na tulifaulu. Nyie taa ipo feni ipo bado mnalialia. Weka simu chini.

Ticha_Mstaafu: Dogo, kurudia kusoma kunadanganya. Macho yanazoea maandishi we unadhani umeelewa. 2006 kule Marekani Roediger na Karpicke waliwapima wanafunzi, waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika 5, baada ya wiki wakapitwa na wale waliofunga karatasi wakajaribu kukumbuka wenyewe. Funga daftari, andika mzunguko wa Krebs wa kwenye baiolojia toka kichwani, penye pengo ndo ukasome. Rudia baada ya siku tatu, sio usiku uleule. Halafu weka matokeo somo kwa somo, divisheni haituambii kitu.

Mlala_Kwa_Zamu: Asante ticha. Baiolojia C, kemia D. BAM na GS, yale masomo ya nyongeza, nimepita.

Ticha_Mstaafu: PCB ina herufi tatu. P iko wapi?

Mlala_Kwa_Zamu: F. Ila nisikilizeni kabla hamjanivaa. Fizikia niliiacha tangu fomu faivu, mwalimu alihamishwa tukakaa muhula mzima hatuna mtu, nikaona nguvu nizipeleke kwenye mbili. Na hesabu nimeshapiga, C kemia, C baiolojia, fizikia niokote S, 3+3+6 pointi 12, divisheni 2 hiyo. Na vitabu nilishampa binamu.

Nesi_wa_Zamu: Divisheni 2 ya kutundika sebuleni. S sio prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo, mdogo wangu, udaktari wanataka prinsipo zote tatu na fizikia imo. Mimi niliokota S kama hiyo hiyo, nyumbani wakachinja kuku, nilipoanza kuomba chuo ndo nikaelewa nimeshangilia nini. Nikaenda diploma ya uuguzi. Sijutii, ila nilizunguka.

Mlala_Kwa_Zamu: Sasa miezi iliyobaki ntaanzia wapi dada, si bora nimalizie nilichoanza?

Bwana_Hesabu: Ngojeni kwanza. Hii ID mwaka juzi ilikuwa inauza Vitz, "gari ya mtu mmoja, ofisini nyumbani tu". Leo fomu siksi? Chai hii, leteni maandazi.

Kigagula: NILIJUA. Mwanafunzi gani ana simu usiku huu bwenini?

Mlala_Kwa_Zamu: Mi wa kutwa jamani, akaunti ni ya bro.

Bwana_Hesabu: Haya wa kutwa. Jiwe linarushwa kwa mita 20 kwa sekunde, nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, g chukua 10. Linatua umbali gani? Usigugo.

(dakika 35 baadaye)

Mlala_Kwa_Zamu: Mita 20.

Bwana_Hesabu: 😂😂 Angegugo angeleta 34.6. Basi ni mwanafunzi kweli wakuu, naomba radhi.

Ticha_Mstaafu: Pembe hukuizidisha mara mbili, ni sain 60 sio sain 30. Ila kipeo cha pili cha mwendo umekikumbuka, kugawa kwa g umekumbuka, na daftari huna. Somo uliloacha mwaka jana. Kafuate vitabu.

Mlala_Kwa_Zamu: Binamu yuko Kibaha, Jumamosi ntaenda. Nipe lingine.

Mama Pili: Na ile Vitz iliuzwa?