Naomba ushauri: umoja wa Marekani ya mwanzo, nianzie wapi darasani?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha sita, naandaa mjadala kuhusu Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861, kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini. Nimekwama.

Wanafunzi wangu wanaamini ni Kusini pekee iliyowahi kuota kujitenga. Lakini Desemba 1814 wajumbe 26 wa majimbo ya New England, huko kaskazini, walikutana kwa siri mjini Hartford, wakilalamikia vita na Uingereza vilivyoua biashara yao ya meli. Wapo waliotaka kujitenga, ingawa azimio halikufika huko. Walidai pia Kusini isiongezewe viti bungeni kwa kuhesabu watumwa, watano kama watu watatu (kura hawana, ila kuhesabiwa wanahesabiwa!). Wajumbe wao walipofika Washington, mkataba wa amani umeshasainiwa na Jenerali Jackson ameshawashinda Waingereza kwenye mapigano ya New Orleans. Wakawa kichekesho.

Sasa nianze na Hartford, au niruke moja kwa moja hadi jimbo la kusini la South Carolina 1832, ilipotangaza ushuru wa forodha wa serikali kuu kuwa batili kwake? Nina vipindi viwili tu. Na ushuru na utumwa mnavitenganishaje bila kuwachanganya vijana?