Wenye nyumba za kupangisha Nairobi: tetemeko, mafuriko, moto. Tupeane uzoefu

MamaPloti_Kahawa
Hamjambo wenzangu. Nina ploti ya orofa nne Kahawa West. Agosti 12, 2020, saa mbili na kitu usiku, nilikuwa nimepitia kodi ya waliochelewa, nikikimbizana na kafyu ya saa tatu. Nimeketi kwa mpangaji wa orofa ya pili, mara chai ikaanza kucheza kikombeni. Lile tetemeko lilianzia baharini upande wa Tanzania, kipimo cha 6.0. Sisi huku tulipata mtikisiko tu, lakini watu walishuka ngazi mbio, watoto begani, na kufika chini wakakuta geti la chuma limefungwa kwa kufuli. Mlinzi yuko dukani, ufunguo uko mfukoni mwake. Kufuli hilo nililinunua mimi, kwa sababu ya wezi.

Mama mmoja alikuwa amebeba pacha, mmoja kila mkono, akilisukuma geti kwa bega. Sura yake sijaisahau mpaka leo. Nyumba ingeanguka, mimi ndiye ningekuwa nimewafungia ndani.

Semeni yenu. Si lazima liwe tetemeko.

Landilodi_Utawala
Pole sana dada. Mimi nilinunua jengo la orofa tatu nikatamani kuongeza mbili. Fundi akasema nguzo ni nene, tupande tu. Rafiki yangu mhandisi akanisihi tuchimbe kwanza kando ya nguzo ya kona. Tulichimba mpaka usawa wa magoti, msingi ukaishia hapo hapo, umekalia ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Tukabandua plasta: nondo mbili zimeliwa na kutu hadi zimekuwa nyembamba kama penseli. Niliacha kabisa, na hela ya kuongezea orofa ikaishia kwenye kuimarisha msingi. Jengo la Huruma liliporomoka Aprili 29, 2016 baada ya mvua kubwa, wakafa watu wapatao 50. Jengo lile halikungoja tetemeko.

Kando_ya_Mto
Yangu ni mafuriko ya 2024 huku Mathare. Maji yalipanda hadi kwenye soketi, vyumba sita vya chini. Bima nilikuwa nalipa kila mwaka bila kukosa, kwa hiyo nilienda ofisini nikiwa na moyo mkunjufu. Wakala akafungua karatasi: moto na radi, basi. Mafuriko na tetemeko ni majanga ya nyongeza, yanalipiwa kidogo juu yake, na mimi sikuwa nimeandikiwa. Hata kipengele cha kufidia kodi iliyopotea hakikuwemo, na vyumba vilikaa mitupu miezi mitatu. Kisha likaja agizo la serikali la kuhama mita 30 kutoka mtoni, nyumba yangu ya nyuma ikaangukia ndani ya kipimo. Tafadhalini, someni karatasi zenu usiku huu huu.

Stima_Kayole
Moto. Madirisha yote yana vyuma, ngazi ni moja, mitungi ya gesi imepangwa kwenye korido. Nimeanza kwa kuihamisha mitungi.

Mgeni_Soko
Samahani, mimi ndio naanza kutafuta ploti. Kweli Nairobi kuna tetemeko la kuogopa?

Injinia_SouthB
Ndugu, Bonde la Ufa liko hapo tu ukipita Limuru. Januari 6, 1928 Subukia ilitikiswa kwa kipimo cha 6.9, na wakati huo hapakuwa na orofa nane za kupangisha. Julai 2007, volkano ya Ol Doinyo Lengai ilipokuwa inaamka kule Tanzania, ardhi ilitikisika na watu walitoka mbio maofisini hapa mjini.

Ukienda kununua, tazama chini kwanza. Maduka yaliyo wazi, nguzo tupu bila kuta, halafu uzito wote juu: tetemeko husukuma kwa ubavu, na nguzo hizo ndizo hukatika. Halafu panda paa. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10. Mtaani Pipeline nilikuta matangi matatu yamebanana kona moja, juu ya slabu iliyotokeza barabarani bila nguzo chini yake. Nilisimama pale nikatazama watoto wanaocheza chini, nikashindwa kuongea. Mwenye nyumba alikubali kuyagawa yakae juu ya nguzo. Kazi ya siku mbili na fundi wa mabomba.

MamaPloti_Kahawa
Asanteni, na wewe wa kando ya mto, pole kwa hasara. Kesho asubuhi nampigia wakala wangu. Geti niliondoa kufuli, nikaweka komeo la kufunguka kwa ndani bila ufunguo. Wapangaji wawili waliogopa wezi, nikaongeza taa na mlinzi wa pili kwa gharama yangu. Yule mama wa pacha bado ni mpangaji wangu.

Injinia, nasikia kuna nyundo ya kupimia uimara wa zege la nguzo. Ukiitumia, ni lazima plasta ibanduliwe?

Injinia_SouthB
Kidogo tu mama, kama upana wa viganja viwili kwa kila nguzo, kisha zege lisuguliwe liwe laini. Anza na zile za kona.