Je, watoto wote wapimwe lehemu, au tusubiri mtu wa ukoo aanguke?

Mleta hoja: Naleta hoja kwamba kila mtoto apimwe lehemu, yaani kolesteroli, mafuta ya damuni yanayoweza kuziba mishipa ya moyo, kabla ya kubalehe, badala ya kusubiri mtu wa ukoo wake apatwe na mshtuko wa moyo. Najua jibu litakalotangulia, kwamba lehemu ni maradhi ya wala chipsi na wenye vitambi. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, mwembamba kama ufito, na alifariki akiwa na miaka 43 huku akisaidiana na wenzake kuvuta ngalawa mchangani. Nyuma ya visigino vyake, juu ya kano, alikuwa na vinundu vigumu ambavyo sisi watoto tulidhani ni sugu za kandambili. Miaka mingi baadaye daktari aliviona vinundu kama hivyo kwa binti yake, akaagiza kipimo cha damu, kisha akamweleza kwamba ni lehemu iliyojikusanya.

Ini lina vipokezi vinavyoinasa LDL, ile iitwayo lehemu mbaya, na kuiondoa katika damu. Ugunduzi wa vipokezi hivyo ndio uliowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Takriban mtu 1 kati ya 250 hurithi kwa mzazi mmoja hitilafu ya jeni inayozuia kazi hiyo, LDL yake ikawa karibu mara mbili ya wenzake tangu kuzaliwa, na kila mtoto atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Walionishawishi zaidi, hata hivyo, ni wale waliojaliwa kinyume chake. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas waliripoti kwamba Wamarekani weusi waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya PCSK9, ambayo protini yake huviharibu vipokezi vya ini, walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28 tu, lakini hatari yao ya maradhi ya mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Dawa inayoanzwa ukubwani haileti nafuu kubwa namna hiyo kwa upungufu mdogo kiasi hicho, kwa sababu mishipa imekwisha kubeba mzigo kwa miaka mingi. Slovenia ilianza kuwapima watoto wake wapatao miaka 5 tangu 1995, nasi tunaweza kujifunza kwao.

Mchangiaji wa pili: Ndugu, pole kwa msiba huo wa zamani, lakini Slovenia ni nchi ndogo ambako mtoto huitwa kliniki kabla ya kuanza shule. Huko Marekani, jopo la wataalamu lilipendekeza mwaka 2011 kwamba watoto wote wa miaka 9 hadi 11 wapimwe, na mwaka 2023 jopo jingine likasema ushahidi hautoshi kuunga mkono wala kupinga. Uholanzi ilipita njia nyingine: kuanzia 1994 hadi 2013 ilimfuata kila mgonjwa wa lehemu ya kurithi aliyegunduliwa mpaka kwa wazazi, ndugu na watoto wake, ikawapata zaidi ya watu 25,000. Sioni faida ya kumwambia mama kwamba mwanawe anahitaji statini, dawa ya kupunguza lehemu, maisha yake yote, ilhali zahanati yake haina hata dawa ya presha.

Mleta hoja: Kuhusu dawa nakubali, na ni aibu yetu sote, kipimo kisicho na tiba nyuma yake ni kumtwisha mzazi hofu. Ila njia ya Uholanzi inahitaji mgonjwa wa kwanza aliyepimwa, na kwetu wengi huzikwa ikisemwa tu kwamba ameanguka ghafla, au kwamba amerogwa. Mwenzangu anijibu basi: mtoto ambaye baba yake alizikwa kabla ya kupimwa, katika mpango huo ataitwa na nani?