MREJESHO: Bangi kabla ya jogging, moyo kwenda mbio

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini nikivuta bangi kabla ya jogging moyo unadunda kama ngoma na pumzi inakata mapema. Asanteni wote, hata yule aliyenitukana kwanza ndipo akaelekeza (na ndiye niliyemfuata). Alisema THC (kemikali ya bangi inayolewesha) inapandisha mapigo ya moyo, na moshi una kaboni monoksidi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Akanishauri: usivute kabla ya zoezi, kapime presha. Presha iko poa. Kilima cha Makongo Juu sasa nakipanda huku napiga stori.

Kuacha kabisa kumenishinda. Usingizi ulikata, hasira juu. Jumamosi usiku bado navuta, Jumapili sikimbii. Chai ya mchaichai haikunisaidia kitu.