Misitu ya umma kandokando ya Ziwa Victoria: mwananchi afunguliwe njia za kutembea, au iachwe ilivyo?

Mwanzisha mada (Nyegezi, Mwanza)

Wakuu, mwangaluka.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda Sengerema si habari ya kupanga foleni ya kivuko tena. Vijiweni hoja imeibuka: misitu ya serikali iliyo kando ya Ziwa ifunguliwe kwa utalii au la? Wapo wanaotaka geti na mlinzi, basi. Wapo wanaotaka wawekezaji wajenge hoteli ufukweni. Mimi naleta hoja ya tatu, na naomba mniambie ukweli: ifunguliwe kwanza kwa mwananchi wa kawaida, kwa miguu, kwa kiingilio anachokimudu mtu anayepanda daladala, na sehemu ya fedha hiyo ibaki kijijini.

Tuangalie tulicho nacho. Mtu wa Mwanza mjini anayetaka kukaa chini ya miti na wanawe Jumapili ana Saanane. Kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa 2013, na boti kutoka upande wa Kapripoint ni dakika chache tu. Juu ya mawe pimbi wanaota jua, na mijusi dume, kichwa chekundu kama kimepakwa rangi na mwili wa buluu, inakimbizana mbele ya miguu yako. Napapenda sana. Ila ukijumlisha na maji yake, hifadhi nzima ni kilomita za mraba zipatazo mbili. Mji wetu una watu zaidi ya milioni moja, na vilima vyake vimejaa mawe na nyumba hadi kileleni.

Ukitoka mjini, misitu ipo. Shamba la Miti Buhindi liko Buchosa, wilayani Sengerema, linatazama Ziwa. Rubya iko Ukerewe. Kisiwa cha Maisome kina msitu wa hifadhi wa asili, jirani kabisa na kisiwa cha Rubondo. Ukivuka hadi Kagera kuna Minziro, mpakani na Uganda, msitu unaojaa maji masika, una shorobo mkubwa wa buluu, na kuna ndege wengi ambao ndani ya Tanzania huwaoni penginepo. Hii si mali ya mtu binafsi. Iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kwa niaba yetu. Lakini muulize kijana wa Igoma au Mabatini kama amewahi kukanyaga hata mmoja.

Wenzetu wa kanda nyingine wametutangulia. Moshi wana msitu wa Rau, karibu na mji, unauzunguka kwa baiskeli ukiangalia mbega juu ya miti. Arusha wana Duluti, unalizunguka ziwa la volkano kwa miguu. Dar wanakwenda Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe. Kanda ya Ziwa, yenye maji mengi kuliko wote, tumeachiwa baa za ufukweni.

Kinachoniuma hasa ni hiki: msitu ambao watu hawaujui hauna wa kuutetea. Mwaka 2007 Uganda serikali ilipotaka kuipa kampuni ya sukari hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira, watu wa Kampala waliingia barabarani, wengine wakapoteza maisha, na mpango ukakwama. Walikuwa wanaujua Mabira, wanaupita kila wakienda Jinja. Je, leo Maisome ikikatwa nusu, nani hapa Mwanza atajua?

Karibuni.

Mkazi wa Buchosa

Ndugu, umeandika vizuri lakini umeandika ukiwa mjini. Sisi tunaoishi pembeni ya msitu tunaujua kila siku. Mama anaingia kuokota kuni zilizokauka. Kwenye vitalu vya miti michanga tunapewa sehemu tunalima mahindi na maharage huku tukiipalilia miti, ikishafunga kivuli tunahamia kitalu kingine. Hiyo ndiyo faida yetu.

Historia ya huku unaijua? Waliokuwa wakiishi Rubondo walihamishwa miaka ya 1960, kisiwa kikawa pori la akiba, halafu hifadhi ya taifa mwaka 1977. Miaka hiyohiyo ya 1960 wakaletwa sokwe waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa huru. Sokwe wamezaliana, sawa, na nzohe, wale swala wa vinamasini, wanapata ulinzi, nalo nalikubali. Lakini mtoto wa kijiji cha ng'ambo anakiona kisiwa kwa macho tu. Kila neno "kivutio" linapotamkwa, mwenye kuni na mwenye nyavu ndiye wa kwanza kuambiwa atoke. Nitakuunga mkono siku utakaponionyesha karatasi inayosema mama yangu hatafukuzwa.

Mdau wa misitu

Wachangiaji wanachanganya vitu viwili. Shamba la miti si msitu wa asili. Buhindi na Rubya sehemu kubwa ni misindano, yaani misonobari yenye majani kama sindano, iliyopandwa ivunwe: nguzo, mbao, kazi za watu. Kitalu unachokiona leo kina kivuli kizuri, mwaka fulani kitapigwa msumeno chote na wewe mtembeaji utapiga kelele kwamba msitu umeharibiwa.

Pili, moto. Chini ya misindano kuna tabaka nene la sindano kavu, na Juni hadi Septemba hakuna mvua ya maana. Kipisi kimoja cha sigara, upepo wa Ziwa mchana, hekta zinakwenda kabla gari la maji halijafika. Wanaozima ni vibarua na wanakijiji wenye matawi mabichi mikononi. Watalii watakuwa wameshapanda basi.

Nikubali sehemu moja: ndani ya mashamba hayo kuna mabaki ya msitu wa asili, mabondeni na karibu na maji. Hayo hayavunwi kama misindano. Kama ni kutembea, watu wapelekwe huko.

Msomaji wa Ukerewe

Rubya watu wanakwenda tayari, kufunguliwa au kutofunguliwa. Sikukuu vijana wa Nansio wanapanda bodaboda na ngoma zao. Ni pazuri: unatembea juu ya sindano laini, kimya, harufu ya utomvu, halafu ghafla miti inakatika na uko kwenye mchanga mweupe. Wanapoondoka wanaacha chupa. Hakuna pipa wala choo. Kwa hiyo swali lenu la "ifunguliwe au isifunguliwe" kwetu limepitwa. Tunataka ijulikane nani anasimamia.

Na mwenye kusema watu wa Mwanza waje kwa wingi, akumbuke usafiri wa majini. Kisiwa hiki hakijasahau MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200. Vyombo vya uhakika na makoti ya kuokolea maisha kwanza, mabango ya vivutio baadaye.

Mchangiaji wa Kisumu

Naomba nichangie kutoka upande wa juu wa Ziwa. Karura ya Nairobi, hekta zaidi ya 1,000, ilikuwa karibu igawiwe wajenzi. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda miti pale. Kwa miaka mingi watu waliuogopa, maiti zilikuwa zinatupwa humo. Baada ya 2009 ukawekwa uzio, njia za miguu na za baiskeli, mwananchi mtu mzima akawa analipa shilingi 100 za Kenya, na jumuiya ya wakazi ikausimamia pamoja na idara ya misitu. Wanajamii waliokuwa wakiuharibu, baadhi waliajiriwa kuulinda.

Lakini msidhani kazi imeisha. Mwaka 2025 idara iliagiza malipo yote yapite kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen, na mvutano mkubwa ukazuka, kwa sababu fedha hizo ndizo zilizokuwa zinawalipa walinzi na kutengeneza njia. Andikeni mapema fedha inakaa wapi. Mkiliacha hilo kwa nia njema, mtakuja kulipia.

Na huku kwetu, Kakamega, waongozaji ni vijana wa hapo hapo. Wanakupandisha kilima cha Lirhanda alfajiri, wanakutajia miti kwa Kiluhya na kwa jina la kitaalamu. Hilo linawezekana Buchosa kesho.

Mwanzisha mada

Nimesoma wote. Mdau wa misitu, hoja ya moto naikubali kabisa na inabadilisha pendekezo langu: kiangazi njia za ndani ya misindano zifungwe, ibaki ya mabondeni na ya ufukweni, na kikundi kisiingie bila mwongozaji. Hoja ya kuvuna haininyimi usingizi. Mtu akielezwa kwamba hiki ni kitalu cha mbao na kile ni msitu wa asili, ataelewa, na ataelewa pia mbao ya kitanda chake inatoka wapi.

Mkazi wa Buchosa, wewe ndiye uliyenigusa zaidi. Karatasi unayoitaka ina msingi kisheria. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaruhusu kijiji kuingia mkataba wa usimamizi wa pamoja na mwenye msitu wa hifadhi. Udhaifu wake unajulikana: vijiji vingi nchini vilifanya doria miaka mingi huku mgao wa mapato haujawekwa wazi. Kwa hiyo mimi sitaki njia hata moja ifunguliwe Buhindi kabla mkataba haujaandika mambo matatu kwa Kiswahili cha kueleweka: kuni kavu na mashamba ya kitaluni vinabaki, waongozaji wanatoka vijiji vinavyopakana na msitu, na sehemu ya kila kiingilio inaingia akaunti ya kijiji moja kwa moja, mapato yakibandikwa ubaoni kila mwezi.

Hoteli naendelea kuzipinga. Hoteli ikishachukua ufukwe, mvuvi hapiti wala mtembeaji hapiti. Hapo msimamo wangu haubadiliki.

Wa Ukerewe, Rubya ianze na vyoo na mapipa, hata kabla ya geti. Sioni wa kulipinga hilo.

Sasa ndugu wa Buchosa, nijibu: kijijini kwenu Kamati ya Maliasili ipo na inakaa vikao, au iko kwenye makaratasi tu? Maana mkataba bila kamati hausainiwi na mtu.

Mkazi wa Buchosa

Ipo. Vikao ni vya kusuasua, lakini mwenyekiti ni mtu anayesikiliza. Hayo mambo matatu nitayapeleka kwenye mkutano wa kijiji kama ulivyoyaandika. La akaunti ndilo litakaloleta maneno, watu watauliza nani anashika kitabu cha stakabadhi getini. Mimi nitataka awe mmoja wetu na mmoja wa maliasili, wote wawili wanasaini.