Hivi "congestion" kwa Kiswahili ni msongamano tu kila mahali?

Binti wa Tabata:
Habarini wakuu. Juzi nimempeleka mama hospitali, karibu wiki nzima analala amekaa maana pua haipitishi hewa, kwenye cheti wakaandika "nasal congestion", akaniuliza hiyo ndio nini, nikamwambia msongamano wa puani mama. Akaniangalia weee, akasema kwani puani kwangu kuna nini cha kusongamana mwanangu? Nikakosa jibu. Redioni nasikia msongamano wa magari, wa wanafunzi, wa mahabusu, sasa ni neno hilo hilo au kila mahali lina lake?

Nesi mstaafu:
Pole, mpe mama pole pia. Mwambie pua zimeziba, basi. Kifuani ni "kifua kimebana" au kimejaa makohozi, hata hiyo madaktari wanaiita congestion. Ila asidhani kuna kitu kimekwama, mara nyingi ngozi laini ya ndani ya pua ndio imevimba, vimishipa vyake vimejaa damu, ndio maana mtu anapenga mpaka masikio yanauma na hakitoki kitu.

Mtoa mizigo:
Huku bandarini Dar meli zikikaa nje kusubiri gati tunasema msongamano au foleni ya meli, ila makontena yakijaa yadi ni mrundikano. Kusongamana ni kusongana, huyu anamsukuma yule, watu, magari. Kontena halimsongi mtu, limerundikwa, na lako likiwa la chini kabisa utasubiri mpaka ya juu yote yaondolewe huku storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo, inahesabu siku.

Wa Nairobi:
Huku msongamano ni wa mtangazaji wa habari, sisi wengine ni "niko kwa jam". Nilikuja Dar nikaambiwa kuna foleni Ubungo nikadhani watu wamepanga laini, kumbe magari! Kwetu foleni ni ile ya kupiga kura.

Mzee wa Kamusi:
Na hiyo ya Nairobi ndio ya asili, foleni imetokana na "fall in", amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstari, magari yamekuja nyuma. Mtandao ukijaa watu mimi nasema umeelemewa.

Binti wa Tabata:
Ahsanteni sana. Nimemwambia mama ndani ya pua kumevimba, kanijibu "sasa si ungesema hivyo tangu juzi".