Mjadala: Je, Clement Mzize anaweza kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu bila kupiga penalti?

Wadau wa soka, tangu msimu wa 2024/25 ulipomalizika nimekuwa nikisikia hoja moja vijiweni: kwamba Clement Mzize wa Yanga alikosa ufungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara kwa sababu bado hajatulia mbele ya lango. Alimaliza na mabao 14, nyuma ya Jean Charles Ahoua wa Simba aliyefunga 16, na tofauti hiyo ya mabao mawili imegeuzwa kuwa hukumu juu ya kipaji chake. Naipinga hukumu hiyo. Kwa jinsi timu zetu kubwa zinavyocheza sasa, mshambuliaji wa kati ambaye si mpigaji wa penalti huanza mbio hizi akiwa ameshaachwa hatua kadhaa, awe hodari kiasi gani.

Tuyaangalie majina yenyewe. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Yanga na Saido Ntibazonkiza wa Simba walilingana kwa mabao 17, baada ya Saido kuifunga Polisi Tanzania mabao matano katika mchezo mmoja ligi ikielekea ukingoni. Msimu uliofuata Stephane Aziz Ki wa Yanga alifunga matatu siku ya mwisho dhidi ya Tanzania Prisons na kumaliza na 21, huku Feisal Salum wa Azam akibaki na 19. Kisha akaja Ahoua. Katika watu hao watano, namba tisa halisi, yaani mshambuliaji wa kati, ni Mayele peke yake. Waliobaki ni viungo washambuliaji, wale ambao timu inapopata faulo karibu na boksi au penalti, mpira unawatafuta wao.

Hebu tuitazame penalti yenyewe inavyopatikana. Namba tisa anapokea mpira akiwa amelipa lango mgongo, anamgeuka beki, anavutwa jezi na kuanguka. Mwamuzi anaonyesha kidole kwenye nukta. Wakati yeye bado anajipangusa nyasi magotini, kiungo ameshaukwapua mpira na anahesabu hatua zake. Bao likiingia, jina la aliyeangushwa halionekani popote kwenye orodha ya wafungaji. Mzee mmoja ninayeangalia naye mpira kibanda umiza huwa analalamika kila mara kwamba mmoja amechimba kisima na mwingine ndiye anayekunywa maji, na mashabiki wa Simba humcheka kwa sababu wanajua anamsema Ahoua, aliyekuwa mpigaji wao wa penalti msimu huo.

Nitaambiwa kwamba penalti nayo ni bao. Ni bao, tena kupiga penalti mbele ya Uwanja wa Mkapa uliojaa kunahitaji moyo, kwa hiyo simnyang'anyi Ahoua tuzo yake. Hapa tunapima nafasi ya mtu kuipata tuzo hiyo, na mwenye mabao ya mchezo wa kawaida pamoja na ya kwenye nukta hawezi kupimwa kwa mizani moja na mwenye ya mchezo wa kawaida tu.

Wengine wanasema tatizo ni wageni, kwa kuwa kanuni inaruhusu klabu kusajili wachezaji 12 wa kigeni. Hoja hii naiona nyepesi. George Mpole, Mtanzania kama Mzize, alikuwa mfungaji bora msimu wa 2021/22 kwa mabao 17, akimzidi Mayele kwa bao moja, naye alikuwa Geita Gold, timu iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo. Tofauti kati ya Mpole na Mzize haiko kwenye pasipoti. Geita mashambulizi yalijengwa kumtafuta Mpole, ilhali Yanga msimu wa 2024/25 Mzize aligawana eneo la kati na Prince Dube, ambaye naye alifunga 13. Jumla yao ni mabao 27, moja zaidi ya yale 26 ya Mohamed Hussein "Mmachinga" wa Yanga mwaka 1999, ambayo bado tunayataja kama rekodi. Kwa kocha huo ni utajiri, kwa sababu anaweza kumpumzisha mmoja na bado akashinda. Kwa anayewania kiatu cha mfungaji bora, kila dakika 30 anazokaa benchi ni nafasi mbili tatu zimempita.

Wanaomlinganisha Mzize na Meddie Kagere wa Simba, aliyefunga 23 msimu wa 2018/19 na kisha 22 msimu wa 2019/20, nao wakumbuke kwamba Kagere alicheza ligi ya timu 20 na michezo 38. Sasa ni timu 16 na michezo 30.

Makadirio yangu ni haya: Mzize akiwa mzima msimu mzima, akaanza michezo mingi na akakabidhiwa penalti, mabao 18 anayafikia. Akiachwa katika utaratibu wa sasa, atazunguka kwenye 14 au 15, na fedha yangu nitaiweka kwa kiungo. Anayeona nimekosea anitajie namba tisa mmoja wa Simba au Yanga aliyechukua ufungaji bora peke yake kati ya 2022 na 2025. Wa mwisho kabla ya hapo ni John Bocco wa Simba, mabao 16 mwaka 2021, na Bocco penalti alikuwa anapiga.